Siku Ozell Alipopendeza

Gari lilikuwa limekwisha kulipita bwawa la mwisho la kambare ndipo Lovie, aliyekaa nyuma na boksi la kuku wa kukaanga mapajani, alipokumbuka mswaki.

"Simama, Verlene. Mswaki wa mdogo wangu umebaki."

"Sisimami."

"Atalala kwa Wazungu bila mswaki? Watatusemaje?"

"Jackson kuna maduka, wifi. Miswaki inauzwa."

"Haya. Na soksi za pili uliweka?"

"Niliweka. Na nguo za ndani, na Biblia, na mafuta ya kichwa. Sasa niache niendeshe."

Verlene hakupunguza mwendo. Barabara ilikuwa nyoofu kama kamba iliyovutwa, pamba huku na pamba huku, na jua la Agosti lilikuwa limekwisha kuukausha umande. Alivaa blauzi ya mikono mirefu. Kando yake alikaa mumewe, Ozell Ratliff, shemasi, katika suti ya kijivu aliyozoea kuivaa Pasaka na mazishini. Tai ilikuwa imekaa sawasawa. Kofia imeshuka hadi juu ya nyusi kidogo, kufunika mahali kichwa kilipopasuka.

"Hebu tujaribu tena," Lovie alisema, akaigeuza sauti yake ikawa nyembamba, ya puani. "Habari ya asubuhi, Ozell."

"Namshukuru Mungu, mama. Ameniamsha nikiwa na akili zangu."

"Vizuri. Na leo ni siku gani?"

"Jumapili."

"Jumatano! Nimekwambia tangu jana, ni Jumatano."

Ozell akaitazama suti yake, akamtazama mkewe, halafu akageuza shingo polepole kumtazama dada yake. "Mmenivalisha hivi, mmeninyoa, mmenifunga tai, mnaniambia Jumatano? Kati yetu nani kaangukia kichwa?"

Verlene akacheka. Hakupenda, lakini alicheka. Na Lovie naye akacheka mpaka boksi likamtikisika mapajani. Ilikuwa hivyo na Ozell. Kuna dakika alirudi mzima kabisa, mtu yule yule aliyeoa msichana wa jiko la shule kwa kumchekesha kila siku mlangoni, na dakika hizo ndizo zilizokuwa zikimuumiza Verlene kuliko zile nyingine.

Walikuwa wanakwenda kutafuta kitanda. Jackson, mji mkuu wa jimbo, kulikuwa na kituo cha watu walioumia ubongo, mahali ambapo mtu hufundishwa upya kutembea, kuvaa, kukumbuka, hata kuzuia hasira, na waliofundisha hawakuwa na kazi nyingine toka asubuhi hadi jioni. Vitanda vilikuwa vichache. Bima ilikubali kulipa iwapo kituo kingemkubali mgonjwa, na kituo hakikubali mtu kabla ya kumpima. Daktari wa hospitali alimwambia Verlene jambo moja ambalo halikumtoka akilini: kwamba ubongo ulioumia ni kama saruji, kama unataka kuipa umbo, ipe ingali mbichi. Ozell alianguka mwezi Mei. Alipanda juu ya kanisa baada ya dhoruba ili arudishe vigae vilivyong'oka, kazi aliyoifanya kila mwaka bila malipo, akateleza, akatua kwenye ngazi za zege mbele ya mlango mkubwa. Saruji ilikuwa inakauka.

Huko hospitali Ozell aliwekwa chumba kimoja na Mzungu aliyeitwa Tolbert, mwenye duka la vifaa vya shamba mji wa pili, aliyepindukiwa na trekta lake mwenyewe. Walizinduka karibu pamoja, wote wakiwa hawajui walipo. Bwana Tolbert alimng'ata mwuguzi mkononi mpaka damu. Mwuguzi akafunga kitambaa, akamshika bega Bi Tolbert, akamwambia, usijali mpenzi, si yeye huyu, ni jeraha linasema, na hii ni hatua nzuri, maana yake ubongo unaamka. Siku ya pili Ozell naye akaamka hivyo. Alimshika mwuguzi kifundo cha mkono, hakumwachia. Hakung'ata wala hakupiga. Alishika tu, kama mtu anayezama. Wakaja askari watatu wa hospitali. Alifungwa kitandani mikono na miguu, akachomwa sindano, akalala siku mbili. Na daktari mwingine, asiyewajua, akasimama mlangoni akamwuliza Verlene:

"Mumeo alikuwa mtu wa fujo tangu zamani? Anakunywa? Anatumia kitu chochote?"

"Ni shemasi," Verlene alisema.

"Naelewa. Lakini anatumia kitu?"

Lovie alikuwa pale, amesimama dirishani na mkoba wake kifuani. Tangu siku ile alitunga sheria yake: Wazungu hawatamwona tena mdogo wake katika hali ile. Na Lovie hakuwa mtu wa kubishiwa juu ya jambo hilo. Alipata kuwa na mtoto, Marvell, kijana mrefu mpole ambaye akili zilimruka akiwa na miaka ishirini. Siku moja alikuwa uani anapiga kelele, ameshika reki ya majani, na Lovie mwenyewe ndiye aliyepiga simu, kwa mkono wake, kuomba gari la wagonjwa. Waliotangulia kufika ni polisi. Nyumbani kwao hapakuwa na aliyesimulia zaidi ya hapo, wala hapa hapana haja.

Kwa hiyo walipoambiwa siku ya kupimwa, walijiandaa kama watu wao walivyojiandaa siku zote kwenda mbele ya Mzungu mwenye neno la mwisho, iwe hakimu, iwe mwenye benki au daktari. Unakwenda umenawa, umepigwa pasi, unanukia sabuni. Ya nyumbani unayaacha nyumbani. Kinyozi Cleophus alikuja na mashine zake, akamnyoa Ozell kwenye kiti cha jikoni, akaziacha nywele ndefu kidogo upande wa kovu. Wiki nzima Lovie alikaa mezani akijifanya mpimaji, Ozell akijibu.

Alijibu vizuri mno. Hilo ndilo lililokuwa la ajabu. Adabu zake hazikuguswa. Ndiyo mama, hapana mama, asante mama, Mungu ni mwema mama. Alitiwa adabu hizo kwa fimbo ya mama yake kabla hajajua kusoma, na zilikaa chini kabisa, mahali ambapo ngazi za zege hazikufika. Na sala. Na zaburi. Na mizaha. Ukimsikiliza kutoka chumba cha pili ungeapa kuwa ni mzima.

Lakini hakuweza kufunga kifungo. Alikishika, akakitazama, akakiachia. Aliweka kikaango motoni akatoka nje kutafuta basi la shule alilokuwa akiliendesha. Alimwita Verlene kwa jina la mama yake aliyekufa. Na hasira zilimjia bila sababu wala dalili, kama mtu mwingine kaingia kwa mlango wa nyuma. Wiki mbili zilizopita Verlene alimficha funguo za gari, naye akamtwanga mkononi kwa kikaango cha chuma. Halafu akakaa chini. Baada ya muda mfupi akauona mkono wa mkewe ulivyovimba, akaruka. "Nani kakufanya hivi? Niambie, Verlene. Nani kakugusa?" Akalia. Alitaka kutoka amtafute mtu huyo. Verlene alimkumbatia kwa mkono mmoja mzima mpaka akatulia.

Ndiyo maana ya mikono mirefu Agosti.

Kwenye mji wa Yazoo nchi tambarare ilikwisha, vilima vikaanza, na baada ya vilima Jackson.

Chumba cha kungojea kilikuwa na baridi ya mashine na viti vya rangi ya chungwa. Walipoingia tu sauti ikawapokea.

"Verlene! Ni wewe kweli?"

Alikuwa Bi Tolbert. Nywele hazikuchanwa. Miguuni alivaa ndara za nyumbani. Kando yake, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mumewe katika fulana yenye doa la yai kifuani, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, ndevu za siku nyingi zimemtoka kama miba. Alikuwa akivuta uzi wa fulana yake na kutukana taratibu, bila chuki, kama mtu anayehesabu.

"Habari zako, Bi Tolbert," Verlene alisema.

"Mbona mmependeza hivi? Kuna harusi?" Bi Tolbert aliwatazama kuanzia kofia hadi viatu, hakuwa na ubaya. "Maskini Ozell! Anaonekana kama gavana. Huyu wangu mwone. Dada yangu anafanya kazi bima, alinipigia simu jana usiku, akaniambia, wee, usimwoshe. Mpeleke alivyoamka. Na ukifika pale sema yote, hata ya aibu, hasa ya aibu. Nimewaambia, Verlene! Nimewaambia ananing'ata. Nimewaambia juzi kafungua kabati la viatu akakojoa humo humo, kwenye viatu vyangu vya kanisani." Alicheka, machozi yakamtoka katikati ya kicheko, akayafuta kwa kiganja. "Wamempokea. Leo hii. Walikuwa na vitanda viwili, sasa kimebaki kimoja. Naomba kiwe chenu. Waendelee kugombana pamoja humo ndani, eh?"

"Amina," Verlene alisema.

Mwuguzi akaja akawachukua, na kiti cha magurudumu kikaondoka na matusi yake kupitia mlango mpana wa ndani. Verlene akautazama mlango ukijifunga. Kisha akamgeukia mumewe, akaanza kuilegeza tai.

Lovie akamdaka mkono. "Unafanya nini?"

"Namfungua."

"Mbele za watu?"

"Umemsikia alivyosema."

"Nimemsikia, sina uziwi. Yule ni Bi Tolbert." Lovie aliongea chini chini, midomo haikutikisika. "Mume wake akiuma, wanasema mgonjwa. Wetu akiuma, wanasema mbwa. Na mbwa anayeuma unajua anafanywaje, usinifanye nikwambie mimi. Mimi!"

"Lakini wifi, wasipomwona alivyo..."

"Walimwona alivyo. Wakamfunga kamba."

Mkono wa Verlene ulibaki kwenye fundo la tai, na mkono wa Lovie juu ya mkono wake. Ozell aliwatazama wote wawili kwa huruma kubwa.

"Mama zangu," alisema, "msigombane kanisani."

Mpimaji aliitwa Bi Haverty. Alikuwa msichana bado, mwenye madoadoa ya jua usoni, na hakuwa mtu mbaya. Hili lazima lisemwe. Alisimama kuwapokea, akamsogezea Lovie kiti.

"Ozell, karibu. Mimi nitakuuliza maswali machache tu."

"Bwana Ratliff," Lovie alimsahihisha akitabasamu.

"Samahani?"

"Hakuna neno, mama. Endelea."

Ozell alivua kofia kwa ajili ya bibi huyo, maana hakuna mwanamume aliyelelewa vizuri anayekaa na kofia mbele ya mwanamke. Akaiweka gotini. Nywele za Cleophus zilifunika kovu vizuri.

"Unajisikiaje leo?"

"Namshukuru Mungu, mama. Ameniamsha nikiwa na akili zangu. Wako wengi walioomba hivyo jana, leo hawapo."

Bi Haverty akatabasamu. "Leo ni siku gani?"

Lovie aliacha kupumua. Ozell akafikiri, akaona kwamba hapo pana shimo, na adabu ikamvusha juu yake. "Ni siku njema tuliyopewa, mama. Na wewe umeifanya njema zaidi."

Msichana akacheka kwa sauti, akaandika. Hakuuliza tena. Akamwambia maneno matatu ayakumbuke: farasi, kikombe, daraja. Akazungumza naye kidogo juu ya kanisa, na Ozell akamsomea zaburi nzima kwa kichwa, kwa ile sauti yake ya kuongoza ibada, inayopanda na kushuka, mpaka mtu aliyepita nje akasimama mlangoni kusikiliza. Halafu msichana akaulizia yale maneno matatu.

"Farasi," Ozell alisema. Akangoja. "Farasi... alikuwa farasi mzuri, mama."

"Alisoma mpaka darasa la ngapi?" Bi Haverty akamwuliza Verlene.

"La kumi."

"Ah. Basi si vibaya hata kidogo."

Kitu kikamchoma Verlene. Mtu huyu alikuwa akijua jina na siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa basi lake, na ya mama zao, na alikuwa akiwaimbia. Lakini msichana hakumjua wakati ule, alikuwa anamjua leo, na kwa alivyomwona leo, mwanamume mweusi mzee wa mashambani kukumbuka neno moja kati ya matatu kulitosha. Verlene alitaka kusema. Msichana akawa tayari amerukia swali linalofuata.

"Amevaa mwenyewe?"

"Mwenyewe," Lovie alisema upesi.

Ozell akaviangalia vifungo vyake, kimoja kimoja, kama anayeisifu kazi ya fundi.

"Swali la mwisho, na samahani, inabidi niulize kila familia." Bi Haverty akaweka kalamu chini. "Nyumbani anapatwa na hasira? Amewahi kumpiga mtu?"

Hapo ndipo Verlene alipofungua kinywa. Alikuwa ameamua tangu chumba cha kungojea, Lovie aseme atakavyo, swali hili akiulizwa atalijibu. Lakini Ozell alitangulia. Alijinyoosha kwenye kiti, akamtazama yule msichana machoni, na sauti yake haikuwa ya mzaha wala ya kukariri.

"Mama, mimi sijapata kumpiga mwanamke katika maisha yangu. Baba yangu alikuwa akimpiga mama yangu, nikaapa nikiwa mdogo. Muulize mke wangu."

Naye akamgeukia mkewe. Aliamini. Hakukuwa na kivuli usoni mwake. Aliketi pale na suti yake, akingoja ushahidi wa mwanamke aliyeishi naye tangu ujana, kuhusu jambo pekee ambalo alijivunia kweli.

Verlene alijua kwamba akisema, Ozell atasikia. Pengine atasahau kabla hawajafika garini, lakini kwa dakika ile atasikia, mbele ya msichana wa Kizungu, kwamba amekuwa kama baba yake.

"Ni kweli anavyosema," Verlene alisema.

Bi Haverty akafurahi, kwa dhati. Aliwaambia kwamba Ozell amepata nafuu kuliko wengi anaowaona. Kwamba kitanda kile ni cha watu ambao hata kusalimia hawawezi. Kwamba mahali pa mtu kama yeye ni nyumbani, na familia inayompenda namna hii, na kanisa. Akawapa karatasi zenye picha za mazoezi, akampa Ozell mkono.

Ukumbini Lovie alikuwa kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Kuliko wengi! Amewajibu wote, mdogo wangu, amewajibu kama wakili! Yesu asante."

"Nimefaulu?" Ozell akauliza.

"Umefaulu, baba!"

Walifika penye gari. Verlene alifungua mlango, akamkalisha mumewe, akamfunga mkanda. Halafu akaegemea paa la gari, na bati lilikuwa la moto, hakuondoa mikono.

"Amefaulu nini, wifi?"

"Si umesikia alivyo..."

"Amefaulu kurudi nyumbani. Kikaango kile kile. Mimi yule yule. Kitanda atapewa mwingine."

Lovie akafungua mdomo. Furaha ilimtoka usoni polepole, kwa namna ya mtu anayesikia habari kwa lugha asiyoijua vizuri, akiitafsiri neno kwa neno. "Lakini alisema yuko vizuri."

"Tulimwambia sisi."

"Mimi nilitaka tu wasimfunge."

"Najua, wifi."

"Nilitaka wamwone mtu."

"Wamemwona. Kaa naye, mpe kuku. Nakuja."

Bi Haverty alikuwa anakunywa kahawa amesimama. Verlene aliingia bila kubisha, akafunga mlango kwa mgongo, akapandisha mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko. Rangi zilikuwa zimefika hatua ya kijani na njano, lakini umbo la ukingo wa kikaango lilikuwa bado linaonekana.

"Nilikudanganya," alisema. "Hajui siku. Hajifungi kifungo hata kimoja. Anawasha jiko anaondoka. Na hiki kanifanyia yeye, na hakumbuki, na kumwambia mbele yako sikuweza. Mpe kitanda, mama. Nakuomba."

Msichana aliweka kikombe chini. Uso wake ulibadilika, na Verlene aliyaona yale mabadiliko, akayatambua. Ndiyo yale yale ya daktari wa mlangoni.

"Kwa nini hukusema nilipouliza?"

"Nimesema sasa."

"Kama anapiga, hapa hatuna uwezo naye. Hapa pana wagonjwa wengine, pana wauguzi wanawake. Kuna mahali huko kaskazini, milango inafungwa..."

"Bwana Tolbert ameng'ata mwuguzi mpaka damu. Nilikuwepo."

Shingo ya Bi Haverty ikawa nyekundu. "Siwezi kuzungumza juu ya mgonjwa mwingine."

"Mimi naweza. Yuko kitandani kwenu saa hizi."

"Ile ni... kila jeraha ni tofauti. Yule shida yake ni fadhaa ya ubongo. Hali ya mumeo, kwa kweli nimemwona mimi mwenyewe, ametulia, anazungumza vizuri. Mtu aliyetulia hivyo akipiga, ni jambo jingine." Alilisema kwa upole, kama anavyosema mtu anayejiaminisha yeye mwenyewe. Kisha akavuta simu karibu yake. "Na sasa nimeuona mkono huo, sheria inanilazimu kuwapa taarifa watu. Kwa usalama wako."

"Watu gani?"

"Wa ustawi wa jamii. Watakuja nyumbani kuwatembelea. Huwa wanafuatana na polisi, lakini ni kawaida tu, hawana..."

Verlene akashusha mkono wa blauzi. Akakifunga kifungo cha kifundoni, akavuta pindo likanyooka.

"Nilianguka," alisema.

"Bi Ratliff." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Nilianguka mlango wa nyuma, nikagonga jiko. Nilitaka kitanda nikasema uongo. Mume wangu umemsikia mwenyewe. Hajapata kumpiga mwanamke."

Walitazamana. Mkono wa msichana ulikuwa bado juu ya simu. Hatimaye aliuondoa, na Verlene hakujua kamwe kama aliuondoa kwa kuamini, kwa huruma, au kwa kuchoka tu, maana kulikuwa na familia nyingine nje inangoja.

"Asante kwa wakati wako, mama," Verlene alisema, akatoka.

Garini Lovie alikuwa akimlisha mdogo wake paja la kuku, leso imetandikwa juu ya suti.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema twende nyumbani."

Lovie alikunja leso taratibu, akatazama nje upande wake, na Verlene alimsikia akivuta pumzi kwa vipande vipande mpaka walipoupita mji.

"Ibada imekwisha?" Ozell akauliza walipofika vilimani.

"Imekwisha, mpenzi."

"Mhubiri alikuwa mzuri. Mtoto bado, lakini mzuri."

Bwana Tolbert alikaa kituoni hadi majira ya kupukutika kwa majani. Alirudi dukani kwake akitembea kwa fimbo, akauza misumari na mbegu miaka mingi, na alikuwa akimsalimia Verlene kwa jina. Bi Tolbert alipeleka keki kwenye msiba wa Ozell ulipofika wakati. Bi Haverty aliondoka kituoni mwaka uliofuata, akaenda jimbo jingine. Lovie alihamia nyumbani kwa mdogo wake, akawa analala kwenye kochi kati ya mlango wa jikoni na wa chumbani, asikie mtu akiamka. Moyo ulimsimama majira ya baridi ya tatu, Verlene alimkuta asubuhi. Verlene aliacha kazi ya jiko la shule. Alivunjwa kidole mara moja, na mara moja bega, na hospitali alisema ameanguka. Ozell hakujifunza tena kufunga kifungo. Jumapili alikaa kiti cha mbele cha mashemasi, akaongoza sala bila kukosea, na wageni waliopita kanisani walisema shemasi amepona kabisa. Alikufa kwa homa ya mapafu, nyumbani, mwaka wa tisa tangu aanguke. Kanisa liliuzwa baadaye, na walionunua waliligeuza ghala. Verlene yuko Memphis kwa binti wa dada yake, chumba cha nyuma. Bado anapokea barua za bima kwa jina la mumewe.